Wanaume wa Thika Road Wamechoka na Semina. Tufungulieni Karakana

Nitasema hii kitu leo na najua komenti zitawaka. Haidhuru. Someni kwanza mpaka mwisho, halafu mniwashie.

Kila tarehe 19 Novemba, Siku ya Wanaume Duniani, mnajua kinachotokea. Ukumbi wa hoteli unakodishwa, bango kubwa linachapishwa, spika mwenye suti ya bluu anasimama mbele na kutuambia: wanaume, fungukeni! Ongeeni! Mnakufa na mambo moyoni! Watu wanapiga makofi, wanakula pilau, wanapiga picha, wanarudi nyumbani. Kesho yake mwanaume aliyekaa kiti cha nyuma ako na deni lile lile, kimya kile kile, na chumba kile kile pale Kimbo chenye kitanda, jiko la gesi na redio.

Mimi nimehudhuria hizo semina. Nimelipwa hata kuzipiga video. Na nasema wazi: hazisaidii. Mwanaume wa mtaa hafunguki kwa sababu mtu mwenye maiki amemwambia afunguke. Hiyo ni kama kumwambia mtu alale usingizi sasa hivi, haraka. Mwanaume anafunguka akiwa ameshika kitu mkononi, macho yakiwa kwa kazi, na mwenzake akiwa kando yake akishika upande wa pili wa ubao.

Kwa hivyo hoja yangu ni moja. Kila wadi ya Thika na Ruiru inafaa kuwa na karakana ya mtaa. Sio biashara, sio baa, sio kanisa, sio ofisi ya mheshimiwa. Banda lenye meza ya kazi, msumeno, randa, jiriwa, mashine ya kuchomelea, birika la chai na mlango ulio wazi jioni na wikendi. Unaingia, unatengeneza stuli yako, unafundisha kijana kupima mbao, unapiga stori, unaenda nyumbani. Basi.

Najua wengine tayari mmesema, "Huyu naye ametoa wapi hii?" Tulieni, tutafika huko.

Kwanza tuangalie huu mji wetu

Sensa ya 2019 ilipata watu 490,120 Ruiru. Huo ni mji wa nne kwa ukubwa Kenya nzima, baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Eldoret iko nyuma yetu. Kisumu iko nyuma yetu. Thika mjini walikuwa watu 251,407. Na hiyo ni hesabu ya 2019, kabla hizo ghorofa zote za Kihunguro na Gwa Kairu kumea kama uyoga.

Sasa, hawa watu wametoka wapi? Wengi wetu tumekuja. Kuna aliyetoka Murang'a, aliyetoka Kisii, aliyetoka Kitui, aliyefukuzwa na kodi ya Nairobi. Tangu Thika Road ipanuliwe na kuzinduliwa Novemba 2012, hii njia imekuwa ya kulala tu. Mwanaume anatoka saa kumi na moja asubuhi kushika matatu, anarudi saa tatu usiku. Plot ina familia ishirini na nne na mageti mawili. Anawajua majirani kwa viatu vyao tu vilivyo mlangoni.

Thika nayo ilikuwa mji wa viwanda. Wazee wa Makongeni watakuambia kulikuwa na wakati king'ora cha kiwanda kikilia, barabara inajaa wanaume waliovaa ovaroli. Kisha ikaja miaka ya 1990, soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, viwanda vya nguo vikaanza kufa kimoja baada ya kingine. Mwanaume aliyepoteza kazi hakupoteza mshahara peke yake. Alipoteza watu wa kula nao lunch. Alipoteza mtu wa kumuuliza, "Mbona leo umenyamaza hivyo?"

Na hakuna aliyejenga kitu cha kuchukua hiyo nafasi. Samahani, nimekosea kusema hakuna. Baa zilijengwa.

Mlango gani unafunguka saa kumi na moja jioni?

Hebu fikirieni hii. Sheria ya kudhibiti pombe ya 2010, ile sisi tunaita sheria ya Mututho, inasema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, ifungwe saa tano usiku. Wikendi ni kuanzia saa nane mchana. Sheria nzuri, siipingi.

Lakini niambieni: saa hiyo ya kumi na moja jioni, ni mlango gani mwingine unafunguka kwa ajili ya mwanaume wa Ruiru ambaye hana pesa? Polytechnic ya kaunti, yenye meza za useremala na mashine za kuchomelea zilizonunuliwa kwa kodi yetu, inafunga karibu saa hiyo hiyo. Maktaba ni ya wanafunzi. Uwanja ni wa vijana wa mpira. Kanisa lina kesha, lakini huko ukienda lazima uwe na shida inayoombewa.

Kwa ufupi, serikali inafunga karakana na kufungua baa saa ile ile, halafu inashangaa watu wako wapi.

Halafu tunakuja na misako. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu kaunti kadhaa, Kiambu ikiwemo. Julai 2015 Rais Uhuru akaamuru msako, na tuliona kwa TV wabunge wakipindua mapipa. Februari 2024 watu wakafa tena kule Kangai, Kirinyaga, na misako ikarudi. Kila mara ni hivyo: watu wanakufa, mapipa yanamwagwa, miezi inapita, mapipa mengine yanajazwa. Unajua kwa nini? Kwa sababu mnamwaga pombe lakini hamuulizi kwa nini yule mzee alikuwa pale saa nane mchana. Alikuwa pale kwa sababu pale kuna benchi, na kwenye benchi kuna watu wanaojua jina lake.

Kiambu tulijaribu kitu 2018, mnakumbuka? Kaa Sober, ya Gavana Waititu. Walevi wakakusanywa, wakapewa kazi za usafi na shilingi 400 kwa siku. Wengi wenu mlicheka. Mimi sicheki, kwa sababu kuna sehemu moja ya ile kitu ilikuwa sahihi: mtu akipewa kazi, wenzake, na saa ya kuamka, anabadilika. Shida ilikuwa mahali pengine. Ilikuwa ya gavana, sio ya watu. Ilisimama juu ya malipo ya kila siku. Na ilimpa mwanaume fagio, haikumuuliza anajua kufanya nini. Kati ya wale watu kulikuwa na mafundi, madereva, waashi. Leo gavana hayuko na mradi hauko. Kitu cha mtaa hakifai kufa na kura.

"Si waende therapy tu?"

Hii ndiyo komenti naitarajia zaidi, kutoka kwa watu wangu wa Twitter. Nawapenda, lakini hebu tuongee ukweli.

Mimi sipingi therapy. Kuna watu wanaihitaji, na kuna wanaohitaji dawa, na hakuna randa inayotibu hiyo. Lakini saa moja ya mshauri wa kibinafsi inaweza kula mshahara wa siku kadhaa za mtu wa mjengo. Madaktari wa akili nchi nzima ni wachache mno na wengi wao wako Nairobi. Jopo la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliwasilisha ripoti yake 2020, likapendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Tangu hapo mmeona nini mtaani kwenu? Mimi nimeona mabango.

Na takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba Kenya, kama karibu kila mahali duniani, wanaume wanaojitoa uhai ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Mpaka juzi tu, mtu akijaribu na akaokoka, sheria ilimngojea na pingu. Kifungu 226 cha sheria ya jinai kilisema hilo ni kosa. Ilichukua mpaka tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu kuamua kwamba hicho kifungu kinakiuka katiba. Fikiria miaka yote hiyo mwanaume akiambiwa "funguka" na nchi ambayo ingemshtaki akifunguka.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike hii. Mwaka juzi tulimzika jirani wa plot yetu. Mtu wa rika la babangu. Alikuwa amepunguzwa kazini, akakaa ndani kama miezi saba hivi, akawa anatoka tu usiku kununua maziwa. Sitaingia kwa undani wa alivyokufa, ni heshima kwa watu wake. Nitasema tu kilichofuata. Ndani ya saa moja, kundi la WhatsApp lilikuwa limefunguliwa. Jioni hiyo lilikuwa na watu 140. Mwenyekiti akachaguliwa, mweka hazina, mtu wa basi, mtu wa hema. Wanaume ambao sijawahi kuwaona wakisalimiana walikaa nje ya geti mpaka usiku wa manane, siku nne mfululizo, wakipanga. Na hapo nje ya geti ndipo nilipojua kwamba huyu mzee alikuwa fundi wa redio na TV, hodari sana, alijifunza ujana wake. Plot nzima tulikuwa tunapeleka vitu mjini kutengenezwa, na fundi alikuwa mlango wa tatu kutoka kwa bomba la maji.

Kwa hivyo msiniambie wanaume hawawezi kujipanga. Tunajipanga vizuri sana, lakini mpaka mtu awe amekufa.

"Hiyo ni kitu ya wazungu"

Haya, tuje hapa. Ni kweli kuna kitu kama hicho ng'ambo. Australia ilianza miaka ya 1990. Wastaafu na wanaume wasio na kazi walipewa mabanda ya kufanyia useremala na ufundi pamoja. Mwaka 2007 wakaunda shirika la kitaifa la kuyaunganisha, na sasa nchi hiyo ina mabanda zaidi ya 1,000. Ireland wakaunda lao 2011, Uingereza 2013. Wana msemo huko kwamba wanaume hawaongei uso kwa uso, wanaongea bega kwa bega.

Lakini kwani hiyo ni habari mpya kwetu? Muulize guka wako thingira ilikuwa nini. Ilikuwa nyumba ya mwanaume katika boma la Wakikuyu, mahali alipokaa na wageni wake na kuwafundisha wavulana wake. Wajaluo walikuwa na duol. Pwani, baraza bado ziko mpaka leo, viti vya mawe mbele ya nyumba, wazee wanakunywa kahawa na kubishana juu ya mpira na siasa. Hakuna aliyeviita afya ya akili. Viliitwa tu mahali pa kukaa.

Sisi tumejenga ghorofa juu ya hizo thingira zote na tukasahau kubakisha chumba kimoja. Mzungu ameamka baadaye akajenga banda, na sisi tunasema ni lake.

Na kama unataka mfano wa Afrika kabisa, angalia Harare. Kuanzia 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi za mtaa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu. Utafiti ukafanywa, ukachapishwa 2016 kwenye jarida kubwa la udaktari la Marekani, na ukaonyesha waliokaa kwenye hilo benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi na benchi, na gharama karibu na bure. Sisi tuna guka na meza ya useremala. Tunangoja nini?

"Na jua kali je? Si ni hiyo hiyo?"

Swali zuri, na jibu ni nusu ndiyo.

Kuna kibanda kimoja cha fundi wa mbao hapa upande wa Ruiru. Nilienda kupiga video ya dakika moja juu ya bei za vitanda, nikakaa masaa matatu. Fundi ana kazi zake, lakini kuna wazee wawili huwa wanakuja tu. Hawajaajiriwa. Mmoja alikuwa anapiga msasa mguu wa meza ambayo si yake. Akasema bila kuinua macho, "Kijana wangu hajanipigia simu tangu Disemba." Kimya kidogo. Fundi hakusema pole, hakusema funguka. Akamwambia, "Mzee, nishikie hapa." Mzee akashika. Wakapiga misumari. Baadaye kabisa, wakinywa chai, fundi akauliza, "Ni yule wa Mombasa?" Na hapo stori ikatoka yote, mwanzo mpaka mwisho, na mimi na kamera yangu tukajifanya hatuko.

Hiyo ndiyo kitu nazungumzia. Lakini angalieni hali yake. Hicho kibanda kiko kando ya barabara, kwenye ardhi ambayo si ya fundi. Ukuta wa mabati una alama ya X nyekundu. Siku yoyote tingatinga inaweza kuja. Na fundi anahitaji kula: akipata oda kubwa, wale wazee wanakuwa wanamzuia njia. Jua kali ni soko. Kuna ushindani, kuna siri za kazi, kuna mteja anayengoja. Huwezi kumwachia fundi mmoja mzigo wa wadi nzima, bure, chini ya X nyekundu.

Hata jina lenyewe mlifikirie. Tunawaita jua kali kwa sababu walifanya kazi juani, bila paa. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji, akaahidi mabanda. Watu wakayaita Nyayo sheds. 1992 serikali ikaandika sera nzima ya jua kali. 2009, kwenye ule mpango wa kuchochea uchumi, tukaahidiwa vituo vya viwanda katika kila eneo bunge. Vingine vilijengwa. Magazeti yamekuwa yakiandika miaka nenda miaka rudi juu ya vile vilivyofungwa na kufuli, nyasi zimemea mlangoni. Miaka arobaini ya kuahidiwa paa! Na 2024 serikali ikazindua sera ya kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini bila kukaa darasani, apate cheti. Vizuri sana. Lakini huyo mzee wa redio angejifunza na kupimwa wapi, kama hata sisi majirani hatukujua ana ujuzi?

"Na wanawake?"

Dada zangu, nawasikia, na hili sitalikwepa.

Kuna mabingwa wa uanaume mtandaoni ambao kila shida ya mwanaume wanaitundika shingoni mwa mwanamke. Eti mmepewa kila kitu, eti boychild amesahauliwa kwa sababu girlchild amekumbukwa. Mimi siko kwa hilo genge. Hao watu wanauza hasira, na hasira ya mwanaume mpweke ni biashara nzuri mno. Anakulipa, anabaki mpweke, anarudi kesho kununua nyingine.

Ukweli ni kwamba wanawake hawakupewa. Walijenga. Mamangu yuko kwa chama tangu nikiwa darasa la pili. Hawakukutana "kuongea hisia." Walikutana kuchanga, kununuliana masufuria, kisha viti, kisha tangi za maji. Lakini jioni hiyo ya kuchanga, kama kuna mmoja mumewe anampiga, ilijulikana. Kama kuna mmoja amefiwa, walishaanza kupika. Kazi ya mikono ndiyo iliyowakutanisha, na hisia zikaja zenyewe. Hazina ya wanawake ya serikali ilipokuja 2007, ilikuta chama ziko tayari.

Kwa hivyo karakana sio kuwapinga. Ni kujifunza kwao. Na mlango usifungwe: kama kuna msichana wa Landless anataka kujifunza kuchomelea, aingie, apewe glavu na miwani. Ninachosema ni kwamba tuanze na wale ambao leo hawana mlango kabisa. Halafu, kusema kweli, mwanaume aliyetoka kwa karakana saa mbili akiwa na stuli mkononi si ni afadhali kwa mkewe kuliko aliyetoka kwingine saa tano na mikono mitupu?

Sasa tufanye nini

Sitaki tuishie kwa kulalamika. Haya ndiyo ninayodai, na nayaandika waziwazi ili mtu asiseme hakuelewa.

Kwa kaunti ya Kiambu: Katiba ya 2010 iliweka polytechnic za vijiji chini ya serikali za kaunti. Ni zenu. Hamhitaji ruhusa ya Nairobi. Fungueni karakana zake jioni mbili kwa wiki na Jumamosi mchana. Mwalimu mmoja wa zamu alipwe ovataimu. Mashine ziko, umeme uko, paa liko. Bei ya hii kitu ni ndogo kuliko bajeti ya mabango ya mwezi mmoja wa kampeni.

Kwa MCA wetu wote, wa Thika na wa Ruiru: tafuteni banda moja la soko au kituo kimoja kilichofungwa kwenye wadi yenu, mtoe kufuli. Na tafadhali, msiandike majina yenu ukutani.

Kwa wahudumu wa afya wa jamii, wale 100,000 waliozinduliwa na mabegi yao Septemba 2023: piteni hapo mara moja kwa wiki. Pimeni presha. Mwanaume ambaye hajawahi kuingia kliniki kwa hiari yake atanyoosha mkono akiwa amekaa kwenye meza ya kazi. Na kama kuna mmoja hali yake imezidi, mtakuwa mnamjua na mtajua pa kumpeleka.

Kwa sisi wenyewe, na hapa ndipo penye uzito: tusingoje. Sheria ya usajili wa makundi ya jamii ya 2022 inataka watu kumi tu. Kumi! Base moja ya bodaboda ina zaidi ya hao. Mnaandika katiba yenu fupi, mnaenda ofisi ya maendeleo ya jamii, mnasajiliwa. Watu kumi wakiweka soo kila wiki, hiyo ni thao moja kwa wiki, elfu hamsini na mbili kwa mwaka. Anzeni na vifaa vya mtumba kutoka Gikomba: misumeno, nyundo, jiriwa moja, patasi, randa. Pallet za viwandani ndizo mbao zenu za kwanza. Kazi ya kwanza iwe ya mtaa: madawati ya shule ya jirani, benchi za stage, geti la kanisa lililoanguka. Mtaa ukikalia benchi mliyotengeneza, hata tingatinga litaulizwa maswali.

Sheria za ndani ziwe nne. Hakuna pombe. Hakuna mwanasiasa na bango lake. Hakuna mahubiri, ya dini yoyote, wala ya wale makocha wa mtandaoni. Na mtu akikosa wiki mbili, wawili waende kugonga mlango wake. Hiyo ya nne msiiache hata mkiacha zingine zote.

Na vijana wenzangu, hii sio stori ya wazee tu. Mnajua vile usiku wa saa nane tunakaa na simu, mkeka umechanika kwa timu moja, na hakuna mtu unaweza kumpigia. Tuna wafuasi elfu kumi na hatuna mtu wa kutushikia ngazi. Kule kuna wazee wanaojua kutengeneza vitu na hawana wa kumfundisha. Huku kuna sisi, tunajua kuediti video na hatujui kugonga msumari. Hiyo ni biashara ya haki kabisa.

Kama unasoma hii na wewe ndiye huyo ambaye mambo yamekuzidi sasa hivi, usingoje karakana ijengwe. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Au watafute Befrienders Kenya. Au mgongee jirani, mwambie una stuli imevunjika. Ataelewa.

Wengine wote, nawangoja kwa komenti. Lakini ukija kunipinga, njoo na jibu la swali moja: kwenye wadi yako, saa kumi na moja jioni, mwanaume asiye na shilingi mfukoni anaingia wapi? Kama jibu lako ni semina ya Novemba, kaa nalo. Kama huna jibu, andika jina la wadi yako hapo chini. Tukipata kumi wa wadi moja, Jumamosi tunaenda pamoja ofisi ya maendeleo ya jamii kuuliza fomu, na Jumatatu inayofuata tunaenda kwa MCA kuuliza ufunguo.